Bunduki ya Nguruwe wa Kiwangwa

Bisheni mtakavyo, lakini juzi, ofisi ya kata Kiwangwa, nilimfundisha askari wa wanyamapori kuchagua bunduki. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita.

Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba mananasi yake yanaliwa kila alfajiri, na hali ikiendelea hatakuwa na cha kuvuna.

"Nguruwe pori huyo," askari alisema. "Nitakuja na raifoli ya 375. Risasi yake kubwa haikwami kwenye nyama."

Nilinyanyuka kwenye benchi, nikakaa, nikanyanyuka tena. "Afande, 375 ya nini? Huyo ni ngedere tu. Ya 22, ile ndogo, inamtosha."

"Ngedere gani anaamka saa kumi alfajiri?" mama aliuliza.

"Wa huku wanawahi, mama."

Askari alinitazama juu mpaka chini. "Dogo, umewahi kuwinda nini?"

"Kila kitu. Hebu niambie, risasi kubwa ikimtoboa huyo nguruwe wako, inaishia wapi?"

Mama alishika kidevu. "Kijana kasema. Nyuma ya shamba ni nyumbani kwangu."

Askari alikuna kisogo. Wenye bunduki hupenda kusifia risasi inavyotoka, ni wachache wanaouliza inakofikia. Akaamua kuja kwanza bila bunduki, akague nyayo.

Sasa niliyoyaruka. Nguruwe wapo, ila si wote wana miguu minne. Njia yangu ya mkato inapita katikati ya mananasi yale, alfajiri, na sijawahi kutoka mikono mitupu. Tangu juzi natafuta viatu vingine.