Kifua cha Mkwe

Mtaa mzima, watoto karibu wote waliviringishwa na bibi huyu. Ukijifungua tu, huyo anakuja na vitambaa vyake, anamfunga mwanao tabaka juu ya tabaka mpaka ibaki pua. Na walikua! Mwambie basi kwamba kichanga akae uchi, uone atakavyokutazama.

Sasa binti yake akajifungua kabla ya siku zake, kisha homa ikamlaza hoi. Mjukuu alikuwa kiasi cha kiganja, miguu ya baridi, kilio cha kubahatisha. Mashine za joto pale hospitali zilikuwa zimejaa watoto wengine. Nesi akamvua nguo zote za bibi, akamwachia nepi na kofia, akamgeukia baba mtoto, kinyozi mmoja mpole.

"Baba, vua shati. Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi."

"Weee!" Bibi aliruka. "Mkwe avue shati mbele yangu? Na huyo mtoto unataka kuniulia?"

"Bibi, bado hana joto lake mwenyewe. Nguo peke yake hazitampa. Anataka mwili wa mtu."

Kinyozi alikwishafungua vifungo. Nesi akamlaza mtoto kifuani pake, akawafunika wote wawili kwa kitenge. Bibi akasusa, akawapa mgongo, akinung'unika kwamba dunia imekwisha. Roho yake lakini ilikuwa juu juu. Alimpenda yule mtoto kufa, na aliogopa.

Jua lilipopanda, kinyozi akasema taratibu, "Mama, hebu mshike mguu."

Bibi akapenyeza mkono chini ya kitenge. Akaushika mmoja, akaushika na wa pili. Joto! Bibi alilia na kucheka kwa pamoja, wagonjwa wakageuka kumwangalia.

"Haya, nenda ukale, baba. Nipe mimi." Akavuta pazia, akafungua blauzi yake mwenyewe, nesi akamsaidia kumpanga mtoto.

Alasiri homa ya binti ikashuka. Akafumbua macho, akatazama kitanda kidogo kilichokuwa kando yake. Kitupu. Nguo za mtoto zimekunjwa juu ya shuka.

"Mama... mwanangu ameondoka?"

"Aondoke aende wapi, na njaa yote hii?" Bibi akaifungua blauzi, kofia ndogo ikachomoza. "Sogea huko, nikupe mtu wako."