Ishirini Huku, Ishirini Kule

Jambo hili nimelificha miaka mingi, hata mke wangu alilisikia nusu nusu, na leo nawaelezeni kwa sababu jana kijana mmoja mwalimu alijisifu mbele yangu kwamba yeye darasani hana upande, kila kitu anakigawa katikati, na hasira ikanipanda mpaka nikaacha chai yangu pale mezani nikaondoka. Sikumkasirikia yeye, maskini. Nilimkasirikia mpumbavu mmoja aliyevaa tai ya buluu hapa Likasi mwaka wa 1961, na mpumbavu huyo ni mimi, kwa hiyo chekeni mkitaka, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Wakati ule Wazungu waliuita mji huu Jadotville, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule moja karibu na kambi ya wafanyakazi. Nilikuwa nimetoka kusomea ualimu upande wa Mulungwishi, nina miaka ishirini na mitatu, nina cheti, nina tai, na kichwa kimevimba. Wanafunzi walikuwa arobaini. Karibu nusu walikuwa watoto wa watu wa Kasai, ambao baba zao waliletwa zamani kuja kufanya kazi ya shaba, na waliobaki walikuwa wa hapahapa Katanga. Darasani walikaa benchi moja, waliazimana kalamu, walinakiliana hesabu (vibaya, lakini kwa upendo). Nje ya darasa mambo yalikuwa yameshaharibika. Watu wa Kasai waliambiwa ni wageni, ni watu wa chama kingine, warudi kwao, na familia kadhaa zilikuwa zimeshatolewa kwenye nyumba za kambi.

Basi mkuu wa shule akatuletea swali la insha la mwisho wa mwaka, na lilihusu uchaguzi uliopita: eleza kwa nini baba yako alifanya vizuri kukichagua chama cha serikali. Nikalisoma mara mbili. Swali gani hilo ambalo limeshajijibu lenyewe? Nilichukia, na niliona haki kuchukia, na mpaka hapo sikuwa nimekosa kitu. Mtu mwenye moyo angeenda kwa mkuu akamwambia swali hili sitalitoa, lakini mimi nilimwogopa mkuu, na kwa kuwa sikutaka kujiita mwoga nikajiita mjanja. Nikaamua kuligawa darasa. Ishirini waandike kama watoto wa baba aliyechagua chama cha serikali, ishirini waandike kama watoto wa baba aliyechagua chama kingine, na wasichague wenyewe, nitawapanga mimi kwa kufuata daftari la majina, mmoja huku, mmoja kule, ili asitokee wa kusema mtoto wa fulani anapenda chama fulani. Mizani! (Siku hizo nililipenda sana neno hilo, nililisema hata nikinunua nyanya.)

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa na desturi. Kila kazi kubwa ya darasa, mwalimu anaandika orodha ya majina kwa mwandiko wake mzuri anaibandika mlangoni, mzazi akipita aone mtoto wake amepewa nini. Nami nikaandika. Safu mbili, moja juu yake nimeandika "Kwa serikali", nyingine "Dhidi ya serikali", kwa wino mweusi, nikapiga na mstari kwa rula. Majina kamili ya watoto, mlangoni, Katanga, mwaka ule. Nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama nikaona inapendeza.

Kesho yake asubuhi akaja shefu wa kambi, yule anayegawa nyumba na kujua nani analala wapi. Mtoto wake Kapya alikuwa ameangukia upande wa "Dhidi". Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mwalimu, jina ya mutoto yangu iko nafanya nini kule?"

Nikamweleza kwamba ni zoezi tu, kwamba hakuna aliyechagua, kwamba ni mizani, na yeye akanisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za mvua.

"Naelewa. Ni exercice. Basi umutoshe."

Nikamtoa. Lakini nilipomtoa Kapya, upande mmoja walibaki kumi na tisa na upande mwingine wakawa ishirini na mmoja, na hiyo hesabu iliniuma, nawaambieni kweli, iliniuma kuliko sura ya shefu. Ilibidi mtoto mmoja avuke kwenda kuziba nafasi. Zamani nilikuwa nikisema macho yangu yaliangukia jina la Ngalula. Uongo mtupu, macho hayaanguki. Nilimchagua. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, kazi yake ni tanuru la kuyeyushia shaba, mtu mpole wa kusalimia kwa mikono miwili, na nilijua kabisa kwamba yeye hatakuja shuleni kulalamika. Ngalula alikuwa ameshaandika kurasa mbili za kuisifu serikali, nzuri kuliko za wote. Nikamwambia aanze upya kwa upande wa pili. Na kwa kuwa kaye, yaani daftari la kazi, ilitakiwa iwe safi, bila kufutafuta, kurasa zile mbili nikazichana mwenyewe nikazitupa. Mtoto akaniangalia tu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Mnadhani iliishia hapo? Akaja katekista, kwa upole. Akaja mke wa nyampara wa karakana, kwa upole zaidi, na mayai sita. Akaja mwalimu mwenzangu kumsemea mtoto wa dada yake. Wakaja na wengine, siku nyingine wawili watatu. Kila aliyekuja nilimtoa mtoto wake, na kila nilipomtoa mmoja nilimsukuma mwingine ambaye mzazi wake sikutegemea kumwona, halafu jioni naandika orodha mpya kwa mwandiko uleule mzuri, ishirini huku, ishirini kule. Nilibandika orodha tano wiki ile. Kufika Ijumaa, upande wa "Dhidi" walikuwa watoto kumi na wanane wa Kasai na yatima wawili wa hapahapa wanaolelewa na bibi zao. Hakuna mtoto hata mmoja wa Kasai aliyebaki upande wa pili. Na mimi nilikuwa sioni (nasema sioni, mnielewe mnavyotaka), maana nilikuwa nahesabu vichwa, na vichwa vilikuwa sawa.

Jumamosi ikawa siku ya kutangaza matokeo. Mnajua kwetu siku hiyo ilivyo: uwanja umejaa wazazi, akina mama wameshika makopo ya poda, mtoto akiitwa amefaulu wanamkimbilia wanammwagia poda kichwani mpaka anakuwa kama ametoka kwenye unga, vigelegele, nyimbo. Safari hii mkuu alikuwa amealika mgeni kutoka ofisi ya serikali, mtu wa koti jepesi na miwani, na akaniambia kabla ya matokeo tumfurahishe mgeni kwa insha mbili tatu. Nikafurahi! Nilikuwa nimepiga tai pasi mara mbili. Nikasimama mbele, nikaeleza kwa sauti ya kanisani kwamba darasa langu limejifunza kuona pande zote mbili, kisha nikawaita watoto wapange mistari miwili kama walivyo kwenye orodha.

Walipopanga ndipo nilipoona. Na uwanja mzima ukaona pamoja nami. Mstari wa kushoto alikuwapo mtoto wa shefu, wa nyampara, wa katekista, viatu vinang'aa. Mstari wa kulia walikuwa watoto wa Kasai, na yatima wawili mwishoni ambao hawakujua waweke wapi mikono.

Ningeweza kusema kaeni. Neno moja tu! Badala yake kinywa changu kikaendelea na ratiba, kikamwita Kapya, akasoma vibaya, watu wakapiga makofi, kisha kikamwita Ngalula. Huyo nilikuwa nimemfundisha mwenyewe pa kupandisha sauti na pa kupumua. Akasoma vizuri ajabu. Baba yangu alichagua chama kingine kwa sababu hii, baba yangu anaona serikali imekosa kwa sababu hii. Mgeni akainama mbele, akamuuliza kwa sauti ya mjomba baba yake ni nani. Na yeye, mtoto mwenye adabu, akageuka, akamwonyesha baba yake kwa mkono mzima uliofunguliwa (kwa kidole tuliwakataza), pale alipokuwa amesimama karibu na ukuta na koti lake la kanisani, akataja jina lake lote.

Nikaruka kusema ni zoezi, ni zoezi tu. Mgeni akaniuliza orodha iko wapi, na kabla sijajibu mkuu alikuwa ameshaibandua mlangoni anamletea. Akaisoma taratibu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Kazi safi, Mwalimu," akasema, na akanipigia makofi. Wazazi wa kushoto nao wakapiga. Na mimi (hapa ndipo nataka ardhi inimeze hata leo) nikainama kushukuru. Niliinama!

Wakati bado nimeinama nikasikia sauti ya mama yake Ngalula. Alikuwa ametoka mbele, kopo la poda mkononi halijafunguliwa.

"Mwalimu, niko nakuuliza kintu moya. Batoto ba huu mustari, ulibachagula namna gani?"

"Mama, niligawa sawasawa," nikamjibu. "Ishirini huku, ishirini kule."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha pua. Mama Ngalula hakucheka.

"Siku ya kwanza Ngalula alikuwa kule, na mutoto wa shefu alikuwa huku. Minye nilisoma ku mulango. Nani aliwageuza?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu maswali ya historia, jiografia na Maandiko. Kwa hilo niliangalia tai yangu. Akamshika mtoto mkono, na mume wake akawafuata, wakatoka kabla ya matokeo kusomwa. Ngalula alikuwa wa kwanza darasani. Mkuu alisoma jina lake mbele ya uwanja, na hakuna aliyejitokeza.

Jumatatu nikaenda ofisini kwa yule mgeni, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi, tai sikuivaa. Akanipokea vizuri, hata kiti alinipa. Nikamwambia orodha ile ni ya uongo, haionyeshi baba yeyote alichagua nini, majina niliyapanga mimi mwenyewe. Akaniuliza kama nina ushahidi. Nikazifikiria kurasa mbili za Ngalula za kuisifu serikali, nilizozichana kwa mikono hii. Akauliza tena, taratibu: kama niliwapanga mimi, kwa nini basi watu wa Kasai wote niliwaweka upande mmoja? Ikabidi niseme. Nikasema ni kwa sababu nilijua wazazi wao hawatakuja kulalamika.

"Unaona sasa," akasema, akafungua mlango. "Hata weye ulijua banani habana na mutu wa kubasemea."

Kabla ya wiki kwisha shefu wa kambi akamwambia baba yake Ngalula aachie nyumba, na kazini wakamwambia asirudi. Hakuwa peke yake, wengine wa orodha ile nao waliondoka, na wako ambao wangeondoka hata bila orodha, najua, watu wenye huruma wameniambia hivyo mara nyingi ili nilale. Lakini yeye mlangoni kwake walikuja na karatasi yenye mwandiko wangu. Siku walipokuwa wanapeleka vitu kwenye treni nikaenda kusaidia kubeba. Nikashika upande mmoja wa sanduku. Baba Ngalula akaliweka chini upande wake, basi nami nikaweka wangu.

"Mwalimu, bale banatufukuza tunabajua," akasema. "Lakini weye, minye mwenyewe njo nilikupatia mutoto."

Akamwita ndugu yake wakabeba wawili. Ngalula alinisalimia, kwa adabu, "Jambo, Mwalimu," na hiyo ndiyo iliyonivunja, nikarudi nyumbani nikipita nyuma ya nyumba za watu nisionekane nikilia na ndevu zangu.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na siku hizi kila mtu ananifundisha mimi maana ya kutokuwa na upande. Nami nakasirika, bado nakasirika, na kwanza najikasirikia, maana siku shefu alipokuja mlangoni nilikuwa na upande, nilikuwa upande wake, nimejificha nyuma ya hesabu. Niliapa sitampa tena mtoto swali ambalo mimi mwenyewe naogopa kulijibu kwa jina langu. Mkuu yeyote aliyeniletea swali kama lile nilimrudishia mezani, nikamwambia ajibu yeye kwanza, atie sahihi, alibandike jibu lake mlangoni kwake, ndipo nitawapa watoto. Kwa ajili hiyo walinihamisha shule mara mbili, na mara zote mbili nilifunga vitu vyangu bila kulalamika.