Nilivyotema Ukwaju Siku ya Posa

Mimi mvinyo sijawahi kuutia mdomoni, wallahi, na atakayesema nimewahi aje aniambie usoni. Lakini kuusoma, nimeusoma. Nilikuwa nafagia nyumba moja ya wageni pale Mkomani, Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyewe, na wageni huacha majarida. Kiingereza changu chote nilikiokota humo. Siku moja nikamkuta jaridani jamaa ambaye kazi yake ni kuzunguka nchi za watu, kilima hiki, bonde lile, anaonja mvinyo, anautema asilewe, kisha anaandika kwamba huu una harufu ya ngozi ya farasi. Na analipwa! Sisi punda wanatupita puani kutwa na hatuandiki kitu.

Basi nikaanza na juisi. Nilifungua ukurasa kwenye simu, nikaigawa Lamu kwa kanda. Niliandika kwamba ndimu za Matondoni zinauma kama maneno ya mke mwenza. Wasomaji wenyewe wachache, nusu binamu zangu, wanaingia kutukana tu. Niligombana nao wote.

Sasa, nina rafiki yangu tuliyechapwa naye bakora moja chuo cha Kurani. Huyo akiniambia twende tukapigane na papa, nitauliza papa yuko wapi. Alipata mchumba kijiji cha Mbwajumali, kisiwani Pate, mambo yakazungumzwa, ikabaki barua ya posa kupelekwa na kusomwa. Tukaenda watatu: yeye, ami yake, na mimi.

Baba wa binti ni mwalimu wa madrasa. Alitukaribisha, tukakaa kwenye busati, birika na beseni la kunawia kando yangu. Mama mtu alikuwa nyuma ya pazia na wenzake. Ikaletwa juisi ya ukwaju, jagi zima, baridi, ina iliki.

Ukwaju wa Mbwajumali! Kanda ambayo sijaiandika! Nikasahau posa. Nikaizungusha glasi, nikatia pua, nikavuta funda, nikalisukutua shavu hili na shavu lile. Kisha nikalitema kwenye beseni, pwaa.

 Ami mtu akavuta miguu yake mbali na beseni.

"Ametema," sauti ya mama ikatoka paziani. "Kiyana ametema mai yangu ya ukwaju. Kwani nimetia sumu?"

"Hapana, Bi, hii ni kazi," nikasema. "Ndivyo wanavyofanya waandishi wa mvinyo."

Jamani, kuna maneno hayasemwi ndani ya nyumba ya mwalimu. Mwalimu akaanza istighfari. Rafiki yangu akageuka rangi ya jivu. Ami mtu akaikunja barua, akairudisha mfukoni, akaniuliza polepole: "Na ukwaju nao hulevya?"

Hapo hasira zikanipanda, maana sipendi kuulizwa swali ambalo sina jibu lake. Nikaanza kueleza kanda na udongo, mikono hewani, mpaka rafiki yangu akanifinya paja nikapiga yowe.

"Mwacheni," mama akasema. "Anywe. Jagi lote. Asiteme hata tone. Akimaliza aniambie ina kasoro gani, na asinidanganye. La sivyo barua yenu mrudi nayo Amu."

Nikanywa. Glasi ya nne tumbo likawa ngoma. Ya sita nikamwona rafiki yangu anasoma dua, nikajiambia, kwa huyu nitakunywa hata beseni. Jagi likaisha.

"Haya," mama akasema. "Sema."

Rafiki yangu akanong'ona, "Sifia, yakhe, sifia." Wallahi nilitaka. Lakini mwandishi ni mwandishi.

"Bi, iliki imekaa, sukari imekaa. Chumvi hamna. Ingekuwa na chembe tu, ingeimba."

Pazia likatikisika. "Wasikia, mwalimu? Wasikia? Tangu nilipoolewa nasema chembe ya chumvi! Yeye ati presha, presha! Mpaka amekuya mgeni kutoka Amu kuniambia!"

Wanawake wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mwalimu akatazama busati kama anayehesabu nyuzi. Kisha akamwambia ami mtu, kwa sauti ndogo, "Hebu ilete hiyo barua."

Nikaona watu wanataka kutulia, barua inafunguliwa, bismillahi inaanza. Na mimi nina jagi zima ndani.

Nikainuka nikikimbia kama nimeumwa na nge. Kwa hiyo mtu akiniuliza posa ya rafiki yangu ilijibiwaje, mimi maneno siyui. Nilisikia vigelegele tu, vinapita juu ya ukuta wa choo.