Mlango Uliopimwa kwa Gambuti

Alhamisi, katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Voi, tulikuwa sita: mwenye duka, mlinzi wake, mume na mke wanaojijengea chumba wenyewe, mimi, na mtoto wangu mgongoni. Mimi nilifuata misumari.

Wawili hao walitaka mlango. Mama yake mume angeshuka kutoka Wundanyi kesho yake, na chumba chake kipya kilikuwa wazi. Mwenye duka akauliza urefu.

"Urefu ni huyu," mke akasema, akimshika mumewe bega. "Nyumba yote tumeipima na yeye. Mlango unapita kichwa chake kwa kiganja kimoja."

Mume akasimama wima kando ya mlango mmoja wa kuuzwa. Mke akamwekea kiganja kichwani, kisha akatazama chini, kwenye ndala.

"Baba watoto, siku ya kupima ulikuwa umevaa gambuti."

"Mlango ukitoka hapa haurudi," mwenye duka akaonya.

"Nikisimama kwa vidole?" mume akauliza.

"Halafu ukizidi tuupunguze na meno?" mke akamjibu.

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Mlinzi aliketi, akavua gambuti zake, akamsogezea mume, akabaki pekupeku kwenye simiti. Mume akazivaa. Safari hii kiganja kililingana na mlango mwingine, mrefu zaidi.

Sisi kwetu tuna futi ya chuma, na ukuta wetu umepinda.

Jumanne nilimkuta mke sokoni. Akaniambia mlango uliingia, na mama mkwe alilala ameufunga.