Maji ya Kusuuza Bomba

Watu walimwita Bwana Bomba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupulizia mashamba ya watu dawa za wadudu na magugu kwa bomba la kubeba mgongoni. Kila jioni alisuuza bomba lake mtoni, karibu na mahali mto unapoingia baharini.

Siku moja mama mkwe wake, mkulima wa mwani karibu na matumbawe, alimkuta hapo. Akatazama povu likiteremka na maji.

“Mwanangu, hayo maji yanakwenda wapi?”

“Baharini, mama.”

“Na mimi nashinda wapi?”

Bwana Bomba alijua mwani wa mama unalainika na kukatika, ila alidhani ni joto tu.

“Sisemi ni wewe peke yako,” mama alisema. “Huko juu mko wengi mnaosuuza mtoni. Lakini mkwe wangu ni wewe, ndiyo maana naanza na wewe.”

Tangu hapo maji ya kusuuza aliyapulizia hukohuko shambani, mpaka bomba likawa tupu. Wenzake walimtania kwamba anaogopa ukweni. Alikubali kwamba anaogopa, akawaonyesha namna anavyofanya, na wawili wakamfuata. Mwani haujapona wote, ila mama ameanza kupanda tena.