Sketi Nyeupe Juu ya Chetezo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa wengi waliokuwepo wameshatangulia mbele ya haki na mimi mwenyewe nimekuwa bibi wa kutafutiwa miwani. Utaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, hayazoleki, lakini aliyeyamwaga naye asiambiwe?

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sisi tuliotoka Unguja tulikuwa bado wageni hapa Maskati. Tulikaa ghorofani Ruwi, Kiarabu chetu kinachekwa, na mama yangu, Mungu amrehemu, alitaka sana tuonekane watu mbele za watu. Aliposikia kuna mwalimu wa Kizungu anayefundisha mabinti wadogo baleti, ile ngoma ya kusimama kwa ncha za vidole, akanipeleka. Nami niliipenda, sitasema uongo.

Mwalimu akapanga onyesho la wanawake peke yao, la kuonyesha jinsi mavazi ya baleti yalivyobadilika. Alitueleza kuwa zamani wachezaji walivaa magauni mazito ya kuburura na viatu vya visigino, hata huoni miguu inafanya nini. Akatokea mmoja akapandisha pindo juu ya kifundo cha mguu, watu wakapiga kelele kuwa ni aibu. Haukupita muda, pindo lile lile likawa ndiyo heshima. Nilifurahi kusikia kumbe Wazungu nao wana majirani wa kuwasema. Baadaye zikaja sketi nyeupe za nyavu, nyepesi kama povu la sabuni, na mwisho vile visketi vifupi vinavyotanda kiunoni.

Mimi nilipangiwa sketi nyeupe. Chini ilikuwa nyavu tabaka juu ya tabaka, na juu bodisi ya kufunga kwa kamba mgongoni. Bodisi haikunitosha, ilishonewa msichana mwengine aliye mwembamba. Bibi Rukia, mama yake mama, aliyewashonea watu kanzu tangu Unguja, akasema ifumuliwe ubavuni. Mama akakataa, nguo ni ya kuazima. Badala ya kufumua nguo wakanifumua mimi. Nikanyimwa wali, nikanyimwa mkate, nikawa mtu wa chai kavu na tende. Nikilia njaa naambiwa, "Ukitaka uzuri sharti udhurike." Methali hiyo hata leo nikiisikia hunikereketa kooni.

Siku ya onyesho ikafika, nyumba imejaa jamaa waliokuja kunitazama. Mama na dada yake, khale Zeyana, wakavuta kamba za bodisi, mmoja kaniwekea goti mgongoni. Walipomaliza nilikuwa napumua kwa kuiba. Tena unajua kwetu hapana mtu anayekwenda shughulini bila ya kufukizwa udi. Chetezo kikawekwa sakafuni na makaa yake mekundu, nikasimamishwa juu yake ili nyavu zishike harufu, kama tunavyofukiza kanzu zetu siku zote. Hakuna aliyefikiri. Kanzu ya pamba ina subira. Nailoni haina.

Mimi sikuuona moto, niliona nyuso zao. Kisha nikahisi mguu. Nilitaka kupiga ukelele, na ukelele haukutoka, kwa sababu kifua kilikuwa kimefungwa. Bibi Rukia ndiye aliyenirukia na blanketi, akanilaza chini, akanigaragaza, halafu akachukua mkasi wake akakata kamba zote za mgongoni. Hapo ndipo nilipopiga ukelele.

Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye hasira yangu. Sikasirikii moto, moto ni ajali. Mama alikaa chini akaiokota sketi, akalia, "Nguo ya watu! Nitamwambia nini mwalimu?" Mikono yake mwenyewe ilikuwa imebabuka kwa nyavu za moto na wala hajui. Aliwaogopa watu kuliko moto. Wenzake nao wakamsaidia kuililia nguo, nzuri vile, nyeupe vile! Na khale Zeyana akasema, "Mguu kidogo tu huo. Soksi zitafunika. Mvalisheni nyengine, gari inangoja chini."

Bibi Rukia alikuwa amenipakata, anaumwagia mguu wangu maji. Hakuinua sauti.

"Zeyana," akasema, "mtoto hatoki."

"Lakini mama, watu washafika kule. Na ukitaka uzuri sharti—"

"Sharti hilo kaliweka nani? Mbona hajidhuru yeye? Nyie mwalilia nyavu, huyu hamumwoni? Mimi nimeshona tangu mikono yangu haijakunjana, na sijapata kuona nguo ikamlilia mtu."

Chetezo kilitolewa nje, na gari ikaondoka bila mimi.

Kesho yake mwalimu akaja kunitazama, kavimba macho. Hakuuliza habari ya sketi hata kidogo, na kwa hilo namshukuru. Alitusimulia kuwa zamani, jukwaani kukiwashwa taa za moto, wachezaji walipata kuungua na sketi kama ile, wengine wakafa. Palikuwa na dawa ya kutia kitambaa kisishike moto, ila ilikifubaza, na wako waliokataa kuivaa. Nikamfasiria Bibi Rukia. Akaniambia, "Muulize, na wale waliokwenda kutazama walifanya nini?" Mwalimu akafikiri, akasema, "Walirudi kumtazama mwengine."

Mwanangu, wale ndio ninaowakasirikia hata leo. Msichana kakataa dawa, sawa, lakini nani aliyemfundisha kuwa weupe wa sketi una thamani kuliko ngozi yake? Na hao hawajafa. Juzi nilikuwa harusini Bawshar, biharusi kavishwa gauni asiloweza kukaa nalo, midomo imemkauka, na mama mtu ananong'ona asipewe maji, atavimba tumbo picha ziharibike. Nikainuka na fimbo yangu nikampelekea maji mbele ya kamera. Wakaninunia. Na waninunie.

Nawe nimesikia. Mama yako kaniambia tangu gauni lako la harusi lilipofika unakaa mezani ukiichezea sahani tu, kwa kuwa zipu haipandi. Basi nisikilize. Mitindo ni mgeni, huja, hukaribishwa, huondoka. Jana pindo refu lilikuwa heshima, leo ni kichekesho, kesho litarudi na watu wataapa wamelibuni wao. Mwili huwezi kuazima mwengine. Pambika, mwanangu, sikukatazi, uzuri ni neema na mimi mwenyewe nnaupenda. Lakini nguo isiyokutosha ipeleke kwa fundi, usijipeleke wewe. Na atakayekuambia udhurike, mwambie aanze yeye.

Leo usiku njoo ule kwangu. Mungu akuvishe afya na stara, akuondolee jicho la watu moyoni mwako, na akupe mume na wakwe watakaokuuliza kwanza, "Umekula?" kabla ya kutazama umevaa nini. Amin.