Nyeusi ya Papa Botiki

Saa moja na nusu asubuhi, Lydie Botiki anasogeza meza yake hadi mlangoni mwa chumba anachofanyia kazi, nyuma ya maduka ya Makiso, mjini Kisangani. Jua bado halijawa kali. Mkononi ana kete ya sataranji yenye urefu wa kidole gumba: askari wa mti aliyevaa deraya nyeusi, na kofia ya chuma imemfunika uso. Kwa brashi ya nywele chache anamgusa begani kwa rangi ya bluu iliyozamishwa ndani ya nyeusi, kisha anaipapasa kwa ncha ya kidole mpaka bluu yenyewe inakaribia kupotea.

"Ukiona bluu, nimeharibu," anasema bila kuinua macho. "Mutu anapashwa kuona chuma. Bluu iko pale kwa kudanganya macho tu."

Anageuza kete. Chini ya mkono wa askari anaweka kijani kidogo, na kwenye magoti kahawia. Nje, waendesha toleka wanapiga kengele za baiskeli zao wakitafuta abiria wa asubuhi. Yeye hawasikii. Ifikapo saa tano ataacha, kwa sababu mwanga wa mchana, anasema, unazifanya rangi zote zifanane.

Lydie ana miaka hamsini na tisa. Jirani yake, Franck, ndiye anayechonga. Yeye kazi yake ni rangi. Seti moja ya kete thelathini na mbili humchukua wiki sita, na kwa mwaka huuza nne au tano, nyingi kwa wasafiri na kwa mapadri wanaopenda mchezo huo. Siku zilizobaki huandika vibao vya saluni na maduka ya dawa. Vibao ndivyo vinavyomlisha.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, Jephté Botiki, mtu wa Yanonge aliyekuja mjini kijana akaajiriwa kupaka rangi meli kwenye karakana ya ng'ambo ya mto. Meli zilikuwa mkate wake, kete zilikuwa starehe yake. Lydie alipofika miaka kumi na miwili alianza kukaa naye barazani kila Jumapili baada ya ibada.

"Papa alikuwa anavaa shati nyeupe, redio iko chini ya kiti, mama anapika pondu nyuma ya nyumba," anakumbuka, na hapo ndipo anapotabasamu kwa mara ya kwanza. "Aliniachia mabega na magoti. Alisema: 'Lydie, chuma nyeusi inakunywa rangi ya kila kitu kilicho karibu. Mbingu inaingia juu, udongo unaingia chini.' Mimi nilizani anacheza. Kumbe alikuwa ananifundisha."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Papa Botiki hakumfundisha, na Lydie hakujua kama lipo. Kete zilifika nyumbani zikiwa tayari nyeusi. Baba alizipaka rangi ya kwanza kazini, wakati wa mapumziko, akazileta ndani ya kopo zikiwa zimekauka.

Juni 2000, majeshi ya nchi mbili jirani yalipopigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, familia ilikimbia na godoro moja na sufuria. Waliporudi, nyumba yao haikuwa na paa. Kabati la kete lilikuwa majivu. Mzee alisimama pale muda mrefu, akaomba maji ya kunywa. Hakushika brashi tena. Alifariki miaka mitatu baadaye.

Lydie aliendelea peke yake. Alipaka nyeusi ya dukani moja kwa moja juu ya mti, kisha bluu, kijani na kahawia kama alivyozoea. Wateja walisifu. Yeye hakuridhika hata siku moja.

"Yangu ilikuwa kama makaa," anasema. "Ya papa ilikuwa kama iko na damu ndani. Nilijaribu, nikajaribu. Na sikuwa na hata moja yake ya kuangalia."

Hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka jana mwezi wa tatu, Kahambu alipoingia chumbani mwake na sanduku la mti. Kahambu ni mfanyabiashara wa jumla hapo hapo Makiso, mwenye asili ya Kivu Kaskazini. Marehemu baba yake, Ignace, alinunua seti ya sataranji mwaka 1983 na kuicheza maisha yake yote. Farasi mmoja mweusi alipotea. Familia ingekutana baada ya wiki tano kwa misa ya mwaka mmoja wa kifo chake, na Kahambu alitaka seti iwe kamili siku hiyo.

Lydie alifungua sanduku, akakaa chini.

"Niliona mabega," anasema. "Mabega yangu! Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikamwambia, 'Mama Kahambu, hii ni ya papa. Hii ni ya sisi wawili.'"

Franck alichonga farasi mpya. Lydie alimpaka mara nne, na mara nne akamfuta kwa msasa. Akiwekwa karibu na wenzake alionekana mgonjwa. Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Lydie aliona ufa mwembamba kwenye pindo la askari mmoja wa zamani. Kujua kilichomo ndani kulihitaji kuupanua kwa kisu, na hizo ndizo kete pekee za baba yake alizojua kuwa zipo duniani. Tena hazikuwa mali yake. Alimpigia simu Kahambu, akamweleza.

Kahambu anakumbuka jibu lake. "Nikamwambia: 'Bon, mama, ni mikono ya papa yako. Kama kuko mutu wa kuigusa, ni weye.'"

Lydie alikwaruza mara moja tu. Chini ya nyeusi palikuwa na nyekundu.

Aliitambua papo hapo. Ni rangi ya kuzuia kutu inayopakwa matumbo ya meli, ile iliyochafua nguo za kazi za baba yake, ambayo mama yake aliisugua kwa sabuni miaka yote bila kuishinda. "Ilikuwa kwenye shati yake kila siku ya Mungu," anasema Lydie, machozi yakimlengalenga. "Nyumba nzima iliiona. Mimi nilikuwa natafuta mbali."

Mchana huo alivuka mto kwenda karakanani. Huko alimkuta Issa, mzee wa miaka sabini na minne aliyefanya kazi na baba yake na bado huja kuwatazama mafundi. Issa alicheka mpaka akakohoa. "Botiki? Alikuwa anatumbukiza watoto wake wa mti ndani ya kopo ya minium, ile nyekundu ya meli, sisi tunakula kwanga! Chef alimukaripia, akarudilia kesho." Kisha akamwombea kwa mafundi, wakamjazia chupa ndogo ya rangi ileile. Kesho yake Lydie alimpaka farasi mara ya tano, nyekundu kwanza.

Siku ya misa, mjomba wa Kahambu alipanga kete zote mezani. Aliombwa amtambue farasi mpya. Hakutazama rangi, aliwashika farasi mmoja mmoja. "Ni huyu," alisema. "Wengine pua zao zimelika kwa vidole vya shemeji Ignace." Akamrudisha mahali pake, na mchezo ulipoanza, farasi huyo ndiye aliyetangulia kutoka upande wa weusi. Lydie alikaa kando akiangalia mpaka mwisho, ingawa hajui hata sheria moja ya mchezo huo.

Sasa kila kete nyeusi inayotoka mezani kwake huanza na nyekundu. Na kuna seti moja ambayo mteja hataiona. Amemaliza kete tisa. Anataka imalizike kabla ya Noeli, ikae nyumbani kwake, hata akitajiwa bei gani.

Baba yake hakuwahi kuandika jina kwenye kazi yake. Lydie ameamua kuliandika kwenye hii, chini ya kila kete, kwa brashi ileile ya nywele chache.

Jina gani, la baba au lake?

"Botiki," anasema. "Basi. Mwenye kusoma atachagua."